BASTOLA KIUNONI, UVUMILIVU UKO WAPI?

Mlimani, Jumapili usiku

Najua nimepotea wiki tatu nzima, majaribio yalikuwa yananikimbiza kama mwizi wa kuku. Leo nimepata upenyo, na kuna jambo limenikaa kooni tangu nirudi likizo. Juzi nilidokeza kidogo tu pale kwenye vimbweta, ubishi ukawaka mpaka watu wakasahau kwenda kula. Basi nalimwaga hapa lote. Atakayekereka akereke.

Jambo lenyewe ni hii fasheni ya bastola. Kwetu Nachingwea, na kwa jirani zetu Ruangwa, kijana akishashika hela ya ufuta, ya mbaazi au ya madini anafanya mambo matatu. Kwanza anamwezekea mama yake nyumba bati la rangi. Pili ananunua gari. Tatu anaanza kuulizia kibali cha bastola. Mawili ya kwanza nayaunga mkono kwa mikono miwili, hasa lile la bati (mama, kama unasoma hii, vumilia, nangoja nimalize chuo). La tatu ndilo linaloninyima usingizi.

Kaka yangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, kapata ya kwake. Kihalali kabisa, makaratasi yote anayo, sina ugomvi na hilo. Tulikwenda naye harusini Ruangwa. Tumeketi mezani, pilau limeshaletwa, jamaa kachomoa kile chuma kiunoni kakiweka juu ya meza kati ya sahani na chupa za soda, mdomo wake ukimtazama mtoto wa watu wa meza ya pili. Eti kilikuwa kinambana akikaa! Watu wakacheka. Wahudumu wakaanza kumwita bosi. Nikamwambia kwa sauti ya chini, kaka, ondoa hicho kitu. Akanijibu, "Mdogo wangu, hii ndiyo heshima. Ukiwa nayo hakuna mtu wa kukuletea upuuzi."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo nataka kuivunjavunja leo. Mimi nasema kinyume chake kabisa. Ukishavaa bastola, wewe ndiye mtu wa kuletewa upuuzi kuliko wote pale ulipo, na wewe ndiye wa kuumeza. Mimi nisiye na kitu nikitukanwa stendi ya Nachingwea naweza kujibu, naweza hata kurusha kandambili. Mwisho wa siku tutachaniana nguo, watu watatuamua, kesho tutasalimiana kwa aibu. Mwenye bastola hana nafasi hiyo. Akianza kugombana tu, hata kwa mdomo, ugomvi ule tayari una risasi ndani yake. Kwa hiyo haki ya kugombana aliiacha pale aliposaini kibali. Anayetaka kuendelea kuwa mbabe wa baa, mbabe wa foleni na mbabe wa mpira wa Namungo, huyo aache silaha. Vitu hivyo havikai kiuno kimoja.

Mnaona natia chumvi? Twendeni 2006.

Novemba 4, 2006, Dar es Salaam, barabara ya Bagamoyo, maeneo ya Kawe. Foleni ya jioni. Gari la Ukiwaona Ditopile Mzuzuri na daladala vinagusana. Ditopile wakati ule ni Mkuu wa Mkoa wa Tabora. Yakazuka maneno ya barabarani, yale yale tunayoyasikia kila siku. Yakaishia kwa dereva wa daladala kufa kwa risasi, na Mkuu wa Mkoa kupandishwa kizimbani kwa kosa la kuua. Shitaka lilianza kama mauaji, baadaye likabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia, akapata dhamana, na Aprili 2008 akafariki dunia kabla kesi haijafika mwisho. Kwa hiyo mahakama haikusema neno la mwisho, na mimi simhukumu marehemu. Nataka mtazame kitu kimoja tu: cheo. Mkuu wa mkoa ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya mkoa wake. Hakuwa kijana aliyepata hela juzi. Kama ni kuchunguzwa tabia, kama ni kuaminiwa na serikali, kama ni umri, vyote alikuwa navyo. Kitu kilichogharimu maisha ya watu siku ile kilikuwa bampa. Bampa, jamani!

Mwondoeni yule bwana mle garini, muweke kaka yangu na bosi bosi zake. Halafu niambieni mna uhakika gani.

Na mtu wa Lindi hahitaji kwenda mbali kujua bastola ikichomolewa kwenye mabishano inafananaje. Machi 23, 2017, Nape Nnauye, wakati huo mbunge wa Mtama hapo jirani yetu, ameondolewa uwaziri siku hiyo hiyo, anataka kuongea na waandishi nje ya hoteli Dar. Akatokea mtu wa nguo za kiraia akachomoa bastola mbele ya kamera, mchana kweupe. Risasi haikutoka, tumshukuru Mungu. Lakini kumbukeni nchi ilivyoshituka. Tulishituka kwa sababu sote tulielewa bila kufundishwa kwamba silaha ile haikuwa inamlinda mtu yeyote dhidi ya kifo. Ilikuwa inamnyamazisha mtu. Sasa mbona ikiwekwa mezani harusini Ruangwa tunacheka? Kazi ni ile ile. Inawanyamazisha watu.

Rumeti wangu anasoma sheria, na kama mnavyowajua watu wa sheria, hakuniacha nipumue. Akanifungulia Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 na vile vifungu vyake vidogo vya A, B na C. Akasema mwananchi ana haki ya kujitetea, kumtetea mwenzake, hata kutetea mali. Akasema 18C inafika mpaka kwenye kuua, pale mtu anapoamini kwa dhati na kwa sababu za msingi kwamba anaweza kuuawa au kujeruhiwa vibaya, au anapokabiliwa na ubakaji, utekaji, uvunjaji wa nyumba, unyang'anyi, uchomaji moto. Kweli tupu, vimeandikwa. Nikamwambia rudi nyuma kidogo usome 18B kwa sauti ili na majirani wasikie. 18B inasema nguvu utakayotumia iwe ya kiasi kinachohitajika kwa utetezi huo basi. Ukizidisha na mtu akafa, umeua bila kukusudia, na kosa hilo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha.

Halafu kuna jambo ambalo halisemwi na hawa wanaotamba vijiweni. Nani ataamua kama ulizidisha? Siyo wewe. Siyo wale mashabiki wako waliosema "kaka mpasue". Ataamua mtu ambaye hakuwepo, amekaa kwenye kiti, ana muda wa kutosha, na atapima sekunde zako mbili kwa miezi. Na ukishtakiwa kwa mauaji hakuna dhamana. Utasubiri mahabusu upelelezi ukamilike, na sote tunajua neno "upelelezi haujakamilika" linavyoweza kuzeeka. Korosho zako zitaokotwa na wengine. Kwa hiyo swali la kujiuliza siyo "sheria inaniruhusu?" Sheria inaruhusu mengi. Swali ni kama hapo kulikuwa na njia nyingine yoyote, hata ya aibu, hata ya kukimbia na kiatu kimoja. Kama ilikuwepo na hukuipita kwa sababu ulikuwa na chuma kiunoni, basi chuma kile ndicho kilichokuamulia.

Sasa nije kwenye hoja yao yenye uzito. Na ni nzito, sitaki kuidharau. Wanasema, dada, wewe unaongea ukiwa Mlimani unakula bumu, sisi tunabeba hela porini. Tena wale unaotaka watulinde ndio hao hao. Wakifika hapo wanataja kesi ya Mtwara, na hapo kwetu watu wote huinamisha vichwa.

Kwa wasioijua: Januari 2022, kijana mfanyabiashara wa kutoka Nachingwea aliuawa Mtwara na polisi. Walikuwa wamemkamata awali, wakachukua fedha zake, zaidi ya shilingi milioni 30. Alipodai arudishiwe, akapotea. Juni 2025 Mahakama Kuu ikawahukumu maofisa wawili wa polisi kunyongwa. Yule kijana ni mtu wa kwetu. Umri wetu. Kwa hiyo mtu akiniambia simwamini askari, mimi sina mdomo wa kumjibu kwa hilo.

Ila naomba tufikiri pamoja mpaka mwisho, tusiishie kwenye hasira. Tuseme angekuwa na bastola, yenye kibali na kila kitu. Wanaomjia ni polisi. Anaitoa? Akiitoa amekufa pale pale, na kesho yake taarifa ingekuwa rahisi kuandika kuliko ugali kupika: jambazi mwenye silaha auawa katika majibizano ya risasi. Siyo mawazo yangu hayo. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi waliuawa na polisi katika msitu wa Pande, Dar, na taarifa ya kwanza tuliyopewa ilikuwa hiyo hiyo, majambazi wamejibizana na polisi. Ilibidi Rais Kikwete aunde tume chini ya Jaji Kipenka Mussa ndipo ijulikane kwamba hawakuwa majambazi. Kesi ikaburuzwa miaka, na 2016 Mahakama ya Rufani ikamhukumu mmoja wa maofisa wale kunyongwa. Wale walisingiziwa bila kuwa na silaha. Wangekuwa nazo, ile tume ingepata wapi pa kuanzia?

Kesi ya kijana wa Nachingwea ilifika mahakamani kwa sababu watu walijua alikwenda kudai haki yake mikono mitupu. Inauma, najua. Haimrudishi. Lakini nasema bastola isingemrudisha pia.

Na majambazi wenyewe je? Hapo nawakumbusha Kibiti. Aprili 13, 2017, askari polisi 8 waliviziwa wakiwa kwenye gari, wakauawa, silaha zao zikachukuliwa. Wanane, wamefunzwa, wana bunduki za vita, wako pamoja. Wewe uko peke yako kwenye bodaboda kati ya Nachingwea na Ruangwa, bastola iko chini ya koti la mvua, mkono mmoja umeshika begi. Anayekuvizia ameshaamua tangu asubuhi, wewe bado hujajua kama ule mti umelazwa barabarani na upepo au na mtu. Anayevizia huwa na sekunde zote. Sana sana utamwongezea bastola kwenye mavuno yake. Begi mpe, jamani. Hela zinatafutwa. Na hela zenyewe nani kakulazimisha uzibebe? Korosho na ufuta siku hizi vinapita mnadani, chama cha msingi mpaka RUNALI, malipo benki. Kinachobaki kutembezwa kwenye mabegi usiku ni madini na ile kangomba yenu ambayo haitakiwi hata kuwepo. Ukitaka ulinzi, anza kwa kuacha kangomba. (Najua nimewagusa, nyamazeni tu.)

Msije mkadhani mimi naiogopa bunduki kwa sababu ni binti. Nachingwea ni mji uliokua na bunduki. Wapiganaji wa FRELIMO walifunzwa pale Farm 17, Samora Machel mwenyewe akiwepo, na jeshi letu lina kambi pale mpaka leo. Wazee wetu waliona silaha nyingi kuliko mlizoona ninyi kwenye filamu. Na nyumbani kwetu bunduki ilikuwepo. Babu yangu mzaa mama alikuwa na gobore lenye kibali.

Gobore la babu lilikuwa la shamba. Mnaokulia mjini hamjui maana ya kulala kwenye dungu msimu wa mahindi, nguruwe pori wakija wanamaliza nusu eka kabla hujafikicha macho. Na nyuma ya nguruwe anakuja simba. Kuna utafiti ulichapishwa 2005 kwenye jarida la Nature, na Watanzania wenzetu wamo kati ya walioufanya, ulionyesha simba walikuwa wameua zaidi ya watu 560 nchini tangu 1990, na mkoa wa Lindi ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Wengi walikamatwa msimu wa mavuno, wakilala mashambani kulinda mazao na nguruwe hao hao. Siku hizi wameongezeka tembo. Kwa hiyo hofu ya babu haikuwa ya kujitakia. Kama kuna mtu alikuwa na sababu ya kufyatua kila kikitikisika kitu gizani, ni yeye.

Lakini babu alikuwa na masharti yake. Hafyatui kwa sauti. Majani yakitikisika anaita kwanza, "Nani wewe?" Kimya, anaita tena. Kimya, anaita mara ya tatu huku anagonga debe. Bila kuona mwili mzima wa kitu kwa macho yake, hapigi, hata kama mahindi yanakwisha. Bibi alikuwa anamgombeza, mahindi yameisha mzee wewe unapiga hodi nguruwe! Usiku mmoja akaita, kimya. Akaita, kimya. Ya tatu ikajibu sauti ya mlevi, ni jirani yetu wa shamba la pili, kapotea njia akitoka kwenye pombe ya msiba, amejilaza kwenye mahindi yetu. Alikuwa anasikia akiitwa, anaona uvivu kujibu! Yule mzee yuko hai mpaka leo, nilimkuta likizo hii anauza ndimu. Babu alikufa na deni la mahindi, lakini alikufa analala usingizi.

Hiyo ndiyo silaha ya kujilinda ninayoielewa mimi. Mtu ameshaamua mapema, akiwa ametulia, akiwa hajalewa, kitu gani hatakipiga. Akifika gizani hana la kuamua, anafuata. Kaka yangu nilimuuliza, ukivamiwa utafyatua wakati gani? Akasema, "Nitajua hapo hapo." Hapo hapo hutajua, kaka. Hapo hapo moyo unapiga kama ngoma ya unyago, mikono inatetemeka, umelewa bia tatu, shemeji anakuangalia. Hapo hapo ni pahali pabaya pa kuanzia kufikiri.

Bia nimezitaja makusudi. Bastola na bia visikutane, hata moja, hata ya kusindikizia nyama. Na nyumbani isikae chini ya mto. Ninyi wanaume mnaongea kila siku habari za majambazi. Mimi nikiangalia naona chuma kile kinalala usiku mia tatu na zaidi kwa mwaka kitanda kimoja na wifi yangu, na jambazi hajaja hata mara moja. Mei 2022 kule Buswelu, Mwanza, mwanamke alimiminiwa risasi na mumewe chumbani. Jambazi hakuwepo. Wivu ulikuwepo na bastola ilikuwepo. Wifi hawezi kuyasema haya kwa mumewe, kwa hiyo nayasema mimi ambaye hanilishi.

Wengi wetu hapa chuoni hata hatuhusiki bado. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka uwe na miaka 25. Mnaocheka mkisema "nikimaliza tu nachukua yangu", mna muda. Utumieni kujipima. Ukifungwa goli kwenye bonanza unavunja viti? Mpenzi akichelewa kujibu meseji unampigia mara kumi na tano? Wewe kibali chako ni filimbi.

Mdogo wake yule kaka anafikisha 25 mwezi wa kumi na moja, na ameshaanza kuulizia fomu. Maombi yake yataanzia kijijini, na mwenyekiti wa kijiji ni mjomba wetu. Ninyi mnaowajua Wamwera mnajua neno la mjomba kwa wapwa zake lina uzito gani. Leo jioni nimempigia. Nimemwomba kabla hajagonga muhuri amkalishe amuulize mara ya mwisho alipotukanwa mbele za watu alifanya nini, na asikubali jibu la haraka. Mjomba kacheka, kasema, "Mpwa wangu, mbona hilo nalijua, nilimwamua mwenyewe." Nikamuuliza, sasa utagonga? Akasema mtandao unakatika.

Nitampigia tena kesho asubuhi kabla ya lekcha ya saa mbili.